Nitakujua kwa Nyayo

Walimu wa hapa kwetu hawaulizani umri. Wanaulizana, "Wewe ulifanya mtihani mwaka gani?" Mtu akishataja mwaka wake, mwenzake anajua papo hapo ni tamthilia gani ya Kiingereza aliyoisoma kidato cha nne, kwa sababu nchi nzima ilisoma hiyo hiyo moja, na kila aliyeketi kwenye mtihani ule alikariri mistari ile ile. Babu zetu walikuwa na marika ya jando. Sisi tuna marika ya vitabu teule.

Mume wangu Nthiga, mwalimu wa Kiingereza hapa Manyatta, ni wa rika la tamthilia ya bwana mkubwa na mjakazi. Mimi nilifanya mtihani mwaka uliofuata, na wakubwa wakawa tayari wamebadilisha kitabu. Sisi tulipewa tamthilia ya mahakimu na wezi, ambayo hakuna aliyeipenda, hata waliopata alama nzuri. Mwaka mmoja tu. Sikujua kwamba mwaka mmoja unaweza kumweka mtu nje ya nyumba yake mwenyewe.

Nthiga alinitongoza kwa Kiingereza. Tulikuwa tumesimama karibu na stendi ya Embu, yeye akiwa mwalimu asiye na cheti, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Sikuwa na haraka naye. Kulikuwa na karani mmoja wa posta aliyekuwa akinitazama vizuri, na karani ana pensheni. Basi Nthiga akavua kofia, akasema sentensi moja ndefu ya Kiingereza, taratibu, na mimi nikaielewa neno kwa neno. Kwa Kiswahili ni kama hivi: hata wakizima mishumaa yote ya mji, mimi nitakujua kwa nyayo zako.

Miaka ile nyayo za Rais zilikuwa redioni asubuhi na jioni, kila mtu aliambiwa azifuate, lakini hakuna mtu aliyekuwa amezitaja zangu. Na zangu ni za kutajwa. Natembea kwa kishindo. Mama yangu alikuwa akisema nikipita jikoni vikombe vinasalimiana. Wasichana wenzangu walinicheka, na kumbe kulikuwa na mwanamume ambaye kishindo hicho angekitambua gizani. Habari ya karani wa posta ikaisha hapo hapo.

Sentensi hiyo niliiweka. Mwaka ambao kahawa haikulipa chochote, niliitoa nikaitazama. Alipohamishiwa Kiambere akaishi huko peke yake, na watu wenye midomo yao wakawa wananiletea habari ambazo sikuziagiza, niliitoa tena. Nilidhani ni yake. Nilidhani aliitunga pale stendi, kwa ajili yangu, akiitazama miguu yangu. Mimi nina duka la vitambaa, nashona yunifomu za shule na kuuza leso, na najua maneno ya leso huwa yamepigwa chapa mamia kwa mamia huko yanakotoka. Lakini hilo langu nililiona limefumwa kwa mkono.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Binti yetu Rwamba alituletea kijana anaitwa Mwongera, wanafanya kazi ofisi moja Embu mjini. Kijana mzuri, ana adabu, mwenyeji wa Nkubu kule Meru. Watu wake wakaja kujitambulisha alasiri moja ya mvua: baba yake Marete, mama yake Kiende, na shangazi yake. Wamekuja na heshima zao, wamebeba bunda la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, jinsi wao wanavyoanza maneno ya namna hiyo. Shangazi alishuka mwisho. Mwanamke mrefu, mjane, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, viatu vya kisigino kirefu kwenye matope yetu, na hakuteleza hata mara moja.

Nthiga alimtazama, kisha akasema, "Haiwezekani. Kanana?"

"Nthiga wa Form Four?" akasema yeye. "Kumbe ni wewe ndio baba wa huyu msichana?"

Walikuwa wamesoma pamoja, shule moja ya harambee upande wa Embu, darasa moja, rika moja. Sikuona ubaya. Nilifurahi hata, kwa sababu ujamaa wa shule hupunguza ubishi wa mahari. Nikaingia jikoni kuandaa chai.

Nilikuwa narudi na thamosi na sinia la vikombe stima ilipopotea. Mawingu yalikuwa yamefunga, madirisha yetu ni madogo, sebule ikawa giza kabisa. Watu wakacheka kama watu wanavyocheka stima ikipotea. Halafu kwenye giza hilo nikasikia sauti ya Madam Kanana ikisema kwa Kiingereza, kwa madaha, "Hata wakizima mishumaa yote ya mji..."

Na mume wangu, kutoka upande wa pili wa chumba, akamalizia: "...mimi nitakujua kwa nyayo zako."

Wakacheka wawili hao. Hawakucheka kama watu wazima wenye shida ya magoti. Walicheka kama watoto wa shule waliojificha nyuma ya bweni. Na mimi nimesimama mlangoni na chai.

Niliona wivu. Sitafuti neno lingine la heshima. Sikusikitika, sikushangaa, niliona wivu, nikalishika sinia kwa nguvu mpaka vikombe vikaanza kulia. Nthiga akasikia, akasema, "Huyo ni Mama Rwamba na chai." Wageni wakacheka tena. Nikawamiminia. Cha Madam Kanana nilikijaza mpaka pomoni, ili akishike kwa shida.

Walipoondoka nikamuuliza Nthiga ule mstari ni wa nani.

"Ni wa ile play yetu," akasema. "Kila mtu wa mwaka wetu anajua. Ukikutana na mtu wa mwaka wetu hata Mombasa, ukianza atamaliza."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Mimi sikujua."

"Wewe ni wa mwaka wa mahakimu na wezi," akasema, akacheka, akaenda kuangalia ng'ombe.

Kwa hiyo kitu nilichokitunza maisha yangu yote ya ndoa kilikuwa mali ya darasa zima. Mwanamume alinipa kitu cha umma. Na kati ya umma huo kulikuwa na mwanamke mrefu mwenye visigino, ambaye aliweza kukianza kwenye giza na mume wangu akakimaliza bila kufikiri.

Jumatatu nilifunga duka, nikashuka Embu. Pale karibu na soko kuna watu wanaouza vitabu vya zamani kwenye gunia, na tamthilia za miaka ile hazikosekani, kwa kuwa hakuna anayezitaka. Nikaipata. Jalada halikuwepo, kurasa zimekuwa rangi ya uji. Nikaificha kwenye marobota ya kitambaa cha yunifomu, na kila mteja akitoka naitoa nasoma. Kiingereza chake ni kigumu, cha watu wanaosema jambo moja kwa kulizunguka mara tatu, lakini wivu ni mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Sikuwahi kusoma vile wakati wa mtihani.

Bwana mkubwa ana mchumba, binti wa watu. Siku ya sherehe binti anataka kumcheza shere, kwa hiyo anamvisha mjakazi wake joho lake, kofia yake na shela usoni. Yeye anajificha nyuma ya pazia. Upepo unaingia, mishumaa inazimika. Bwana mkubwa anakuja, anapiga magoti, anashika mkono wa yule mwanamke mwenye shela, na anasema mstari wangu. Hata wakizima mishumaa yote ya mji, mimi nitakujua kwa nyayo zako.

Anamwambia mjakazi.

Nilirudia ukurasa huo mpaka fundi wangu akaniuliza kama nimeletewa barua ya msiba. Ule mstari ambao rika lao zima liliukariri, ule mstari mtamu kuliko yote, unasemwa na mwanamume anayejisifu kwamba hawezi kukosea, huku ameshika mkono wa mwanamke asiye wake. Utamu wenyewe ndio kichekesho. Na yule aliye wake yuko nyuma ya pazia anamsikiliza.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Nikamngoja ashike kijiko.

"Baba Rwamba, nikuulize swali la mtihani."

"Uliza."

"Hata wakizima mishumaa yote ya mji. Eleza muktadha wa dondoo hili. Nani anasema, akimwambia nani, wapi, na nini kinafuata."

Maskini, alifurahi. Akaweka kijiko chini, akakohoa kidogo kama anavyofanya mbele ya darasa. "Msemaji ni bwana mkubwa. Yuko ukumbini, siku ya sherehe, na mishumaa imezimika. Anamwambia..."

"Anamwambia nani, Mwalimu?"

"Anafikiria anaambia mchumba wake."

"Sijauliza anafikiria nini. Akimwambia nani ina alama yake."

"Mjakazi," akasema.

"Na mchumba mwenyewe?"

"Yuko nyuma ya pazia."

"Anafanya nini?"

"Anacheka. Lydiah, hiyo ni kichekesho. Watu wote wanacheka."

"Na siku ile uliponiambia mimi pale stendi, ulikuwa unajua muktadha huu?"

Nthiga ana makosa mengi lakini uongo hauwezi. Uso wake unamkataa. Aliangalia sahani yake. "Nilikuwa nimepasi," akasema polepole. "Hilo swali lilikuja kwa mtihani. Nilipata alama zote."

"Kwa hiyo ulijua."

"Hakuna mtu huuliza muktadha wakati anatongoza! Ni maneno mazuri. Sikuwa na baiskeli, sikuwa na shamba, yule karani wa posta alikuwa na saa ya mkono. Mimi nilikuwa na mstari."

"Na mlipoigiza hiyo tamthilia shuleni, nani alikuwa nyuma ya pazia?"

Akaokota kijiko chake.

"Kanana," akasema.

"Na bwana mkubwa?"

"Mimi. Mjakazi alikuwa kijana mmoja wa Ishiara anaitwa Muthamia, alikuwa na sauti nyembamba." Akajaribu kucheka. Siku nyingine ningecheka naye.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa maana Nthiga mwenyewe mpaka leo anasema nilitafuta makosa kwenye uji. Mimi nauza leso. Wanawake wa huku wengi hununua leso kwa rangi, kumbebea mtoto, lakini wapo wanaonunua kwa maneno yake, na hao najua wanavyochagua. Hawaulizi maneno haya ni mazuri au mabaya. Wanauliza, nikiivaa, nani ataisoma? Leso yenye maneno makali isiyokuwa na jirani wa kuisoma ni kitambaa tu. Maneno yoyote yale, uzito wake uko kwa anayeambiwa. Sasa mwanamume anayejua kabisa kwamba mstari huu huambiwa mwanamke asiyekuwa mwenyewe, anauchukua mstari huo huo, katika mistari yote ya kitabu kizima, anakuja kuniambia mimi. Na yule aliyekuwa nyuma ya pazia anarudi siku moja sebuleni kwangu, mjane, hajazeeka, anauanza gizani. Mimi ni nani katika tamthilia hiyo? Hata aliyefeli angejibu.

Nilianza kumchunguza Madam Kanana. Nafasi zilikuwepo, kwa sababu maandalizi ya ruracio, sherehe ya kupatana mahari, yalimleta kwetu mara kwa mara, na alikuwa mtu mwema, jambo lililoniudhi zaidi. Alininunulia leso dukani. Alimpenda Rwamba. Aliniita muthoni wangu, yaani mkwe wake, akanikumbatia. Mtu mbaya unamkamata mkononi. Mtu mwema unamkamatia wapi? Basi nilimtazama miguu. Alikuwa na hatua fupi, moja mbele ya nyingine, kisigino kinatua taratibu, kama mtu anayepita katikati ya mistari ya maharagwe asitake kukanyaga hata jani. Nthiga akiwa barazani alikuwa akiinua kichwa kabla Kanana hajafika. Labda alisikia lango. Mimi niliona anasikia hatua.

Dukani, fundi akienda chai, nilijaribu kutembea hivyo kutoka cherehani hadi mlangoni. Mwanzoni nilikuwa najikwaa. Siku zilivyokwenda nikaweza. Sikujua naweza kwa ajili gani.

Sasa kuna jambo la ruracio ambalo siku hizi linafanyika kila nyumba, sijui kama ni la wazee wetu au tuliliokota kwa majirani. Kabla ya mazungumzo ya mahari kuanza rasmi, bibi harusi anafunikwa leso kutoka kichwani hadi vidoleni pamoja na wasichana wenzake, wanatembezwa mbele ya watu, na bwana harusi anaambiwa amchague wake. Akikosea anatozwa mbuzi na kuchekwa. Kwetu shughuli hiyo inaongozwa na Ednah, dada ya Nthiga, mwanamke ambaye Mungu alimpa mdomo wa kipaza sauti kabla vipaza sauti havijafika Embu.

Nikamwita pembeni. "Ednah, vijana wakimaliza, waambie wazee nao tuwajaribu. Anza na kaka yako. Nifunike mimi, na Wambura wa hapa jirani, na Madam Kanana, sote kimo chetu ni kimoja. Amchague mke wake."

Ednah akapiga makofi. Aliona ni mchezo. Watu wote waliona ni mchezo. Mimi peke yangu nilijua kwamba siku hiyo naiuliza ndoa yangu swali moja, mbele ya mashahidi kutoka Meru na Embu, na nitalipokea jibu lolote lile. Akinichukua mimi, basi alichosema stendi kilikuwa kweli, muktadha uende zake. Akimshika Kanana, nitajua nimeishi miaka yote hii ndani ya joho la mtu.

Siku ilifika, jua zuri, hema mbili, mukimo na mbuzi na uji wa mwere kwa wazee. Mwongera hakuhangaika. Rwamba hawezi kuzuia kicheko tangu akiwa mtoto, leso yake ilikuwa inatikisika mabegani, kijana akaenda moja kwa moja akamshika. Vigelegele. Halafu Ednah akanyakua kipaza sauti. "Vijana wameweza! Sasa tuone kama wazee wanajua walichooa!" Wanaume wakanguruma kwa furaha. Nikamwona Nthiga anavutwa katikati, anafunga vifungo vya koti, anajifanya hataki.

Tuliingia chumba cha kulala, sisi watatu. Madam Kanana akavua viatu vyake, akavipanga chini ya kitanda changu. "Mama Rwamba, wote tutoe viatu," akasema. "Nikienda na hizi heels atanijua mbio sana, na hiyo haitakuwa fair kwako." Akanifunga leso vizuri shingoni isianguke. Leso za kutufunika Ednah alizitoa kwenye fungu la duka langu bila kusoma. Mimi nilisoma yangu kabla haijanishukia usoni: Mwenye wivu ajinyonge.

Nataka niseme wazi kwamba nilikusudia kutembea kama mimi. Nilikuwa nimeamua. Nitapiga kishindo changu chote, vikombe visalimiane mpaka kwa jirani, na nimwachie Nthiga kazi iliyobaki. Ednah akatupanga mlangoni: Wambura mbele, Kanana katikati, mimi nyuma. Giza ndani ya leso, harufu ya kitambaa kipya, jua likipenya kidogo.

Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu kwenye kipaza sauti. Mwalimu hawezi kupewa kipaza sauti akanyamaza. Akaanza, kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya jukwaani: "Hata wakizima mishumaa yote ya mji..." Watu wakapiga makofi, wengine wa rika lake wakapiga mbinja. Na mbele yangu, ndani ya leso yake, kwa sauti ndogo iliyokusudiwa mtu yeyote au mtu mmoja tu, Kanana akamalizia.

Miguu yangu ikakata shauri bila kuniuliza. Kama ni nyayo zake anazozijua, nikajiambia, basi tumpe, tuone atazishika mkono au la. Nilitoka nje na hatua fupi, moja mbele ya nyingine, kisigino kikitua taratibu, katikati ya mistari ya maharagwe. Sikujikwaa hata mara moja. Nilitembea vizuri kuliko nilivyowahi kutembea dukani.

Tukasimamishwa. Nikasikia viatu vyake kwenye nyasi. Akasimama kwa Wambura, watu wakapiga kelele. Akasogea kwa Kanana, kelele zikazidi, Marete akapaza sauti, "Mwalimu, chunga mbuzi yako!" Halafu viatu vikaja. Mkono ukatua begani kwangu, mzito, wa joto, mkono ninaoujua.

"Ni huyu," akasema Nthiga. "Huyu ni wangu."

Leso ikavutwa. Jua likaniingia machoni, watu wamesimama, Rwamba analia na kucheka, Ednah anapiga vigelegele mpaka sauti inakatika. Nthiga alikuwa anatabasamu kama yule kijana wa suruali ya kaki. Akaniinamia sikioni. "Sikukuambia?" akasema. "Kwa nyayo."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Uliruka kweli, siwezi kukataa, ukaruka juu kabisa, na ukiwa huko huko juu nikakumbuka nilivyotembea.

Madam Kanana alikuwa amejifunua mwenyewe, anacheka, anapiga makofi kuliko watu wote. Nikamtazama akirudi ndani kufuata viatu vyake. Bila visigino vile alitembea ovyo, miguu kando kando, kama mtu yeyote aliyezoea shamba. Kwa hiyo katika wanawake watatu waliopita mbele ya mume wangu siku ile, aliyetembea kama Kanana alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemchagua.

Ruracio ilikwenda vizuri. Hakuna aliyegombana, wazee wa Nkubu walisema hawajaona nyumba yenye furaha kama ile, na Marete alisema mtoto wa baba anayemjua mke wake gizani hana haja ya kuulizwa malezi. Nilizungusha uji. Watu waliniambia nina bahati.

Kesho yake alasiri tulikuwa tunasugua sufuria zile kubwa za kuazima, Nthiga na mimi, chini ya mwembe kwenye bomba la maji, mikono imejaa majivu. Nikamuuliza bila kumwangalia.

"Baba Rwamba, jana ulinijuaje?"

"Si nilikuambia? Nyayo."

"Zilikuwaje?"

Akafikiri. Alifikiri kwa dhati, kama mwanafunzi anayejua jibu ila hajui kuliandika. "Nilisikia tu hatua ya kwanza nikajua. Siwezi eleza. Ilikuwa ni wewe tu." Akasuuza sufuria yake, akaigeuza jua liikaushe, akaniangalia kwa uso ule ule usioweza uongo. "Kwani wewe ulidhani nitakosea?"

Ningeweza kumwambia. Lakini nikimwambia nilitembea kwa miguu ya Kanana, atakuwa mwalimu tena, atanieleza, na maelezo yake yatakuwa mazuri, na sitajua kama ni ya kweli au ni mstari. Labda kishindo changu kiko hata nikikificha. Labda alisikia kitu kingine, pumzi, mfupa wa goti. Labda hakunisikia mimi kabisa.

Kitabu nilikirudisha kwenye gunia kule Embu. Muuzaji hakunipa hata shilingi. Dondoo lenyewe bado ninalo kichwani. Msemaji namjua, ni Nthiga. Mahali napajua, ni kwangu Manyatta, mbele ya watu wote. Kilichofuata nakijua, ni vigelegele. Ila ile sehemu ya akimwambia nani, ambayo ndiyo pekee niliyokuwa nikiitaka, niliifuta mwenyewe, kwa miguu yangu miwili, na hakuna mwingine wa kumuuliza.